Kicheko Kisicho na Mwenyewe

Naandika haya nikiwa mzima wa kutosha kushika kalamu kwa mkono wa kulia na kuzuia karatasi kwa kiwiko cha kushoto. Naandika kwa ajili ya yule aliyepigwa na kiharusi juzi, au aliye na baba au mama kitandani mdomo ukiwa umekwenda upande, na ambaye ameanza kuona jambo jingine ambalo hakuna aliyemwonya: mgonjwa anacheka pasipo na la kuchekesha, na analia pasipo na la kuliza. Mimi lilinipata. Nilicheka kwenye mazishi ya kaka yangu mkubwa, nimesimama kando ya kaburi, nimeshika karatasi ya historia ya marehemu, ukoo wote ukinitazama. Kama wewe hujafika huko, mshukuru Mungu, kisha endelea kusoma, maana unaweza kufika.

Mambo ya mishipa ya damu na ubongo nawaachia walioyasomea. Mimi nitasema yaliyonipata.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, huku kwenye miteremko ya Meru, kwa miaka ishirini na sita, na mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minne. Siku ilipotokea tulikuwa katika mazoezi ya Jumamosi, masika yamekolea, mvua inapiga bati hivi kwamba sauti ya nne hawasikii sauti ya kwanza wanaimba nini. Mimi huongoza kwa mikono miwili. Wa kulia hushika mwendo, wa kushoto husema nani apandishe na nani ashushe. Katikati ya ubeti wa pili mkono wa kushoto ukaanza kushuka. Sikuuambia ushuke. Sasa kwaya yangu ni watu watiifu. Walipoona mkono unashuka, wakapunguza sauti. Ukashuka tena, wakapunguza tena. Ulipofika kwenye paja walikuwa wananong'ona, na nilipofika sakafuni mimi mwenyewe wakanyamaza kabisa, wakasubiri mkono uinuke. Mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia baadaye kwamba wimbo ule haujawahi kuimbwa kwa upole namna ile, na kwamba alidhani ni mtindo mpya nimeutoa semina.

Nilishushwa hospitali kwenye pikapu ya mnunuzi binafsi wa kahawa, nimelazwa juu ya magunia matupu. Miaka ile wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wameruhusiwa kupanda huku kwetu, na wiki moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye mkutano wa chama cha ushirika nikawaita manyang'au. Dereva alikuwapo kwenye mkutano ule. Njia nzima hakunikumbusha, ila kila gari liliporuka shimo aligeuka akasema, "Pole Mwalimu."

Nililala hospitali wiki tatu. Upande wangu wa kushoto ulikuwa kama mgeni aliyefikia nyumbani kwangu bila kujitambulisha: hali chakula, halali vizuri, na haondoki. Uji uliingia kwa kulia ukatokea kwa kushoto. Mke wangu, Mama Anande, aliponinyoa, shavu la kulia lilihisi wembe, la kushoto nililijua kwa kusikia tu, kwarakwara, kana kwamba anamnyoa mtu wa kitanda cha pili. Palikuwa na muuguzi mmoja, Mungu ambariki popote alipo, ambaye kila asubuhi alinisalimu, "Shikamoo mzee," nikaitika, kisha akauinamia mkono wangu wa kushoto akauambia, "Na wewe, umeamkaje?" Wagonjwa walicheka. Baada ya siku kumi na moja kidole gumba kikaitika. Nilipokiona kikisogea nilimtukuza Mungu kwa ulimi mzito hata mwenzangu wa jirani akadhani naomba maji, akaniletea.

Baridi ya mwezi wa sita ilinikuta kwa binti yetu Anande, ambaye alikuwa amepanga vyumba viwili Lemara na kuuza mitumba. Tulihamia kwake ili niwe karibu na mazoezi ya viungo, Jumanne na Ijumaa, kwenye zahanati moja ya binafsi pale mjini. Anande alinivalisha koti refu la mtumba la mtu aliyekuwa mpana kuliko mimi, lenye manyoya shingoni, nikaketi kwenye benchi la kusubiria kama chifu aliyepinduliwa. Zahanati hiyo ilikuwa na kitu kipya ambacho watu wengine walikuja kukitazama bila kuwa wagonjwa. Ilikuwa na televisheni.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Ilikuwa Ijumaa. Kwenye televisheni alitokea mama mmoja anafua shati. Akalikamua, akalianika, likang'aa. Nikaanza kulia. Silisemi lile chozi la mtu mzima linalofutwa na kitambaa likaisha. Nililia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, kamasi zinatoka. Mama aliyeketi kando yetu akamgusa mke wangu goti.

"Poleni. Mmefiwa?"

"Hapana," akasema Mama Anande. "Ni sabuni."

"Sabuni imefanyaje?"

"Imetakatisha."

Mama yule akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akasogea kidogo. Haikuchukua dakika kumi ikaja habari ya lori lililotumbukia bondeni na watu wake. Nikacheka. Nilicheka kama mtu aliyesimuliwa kisa cha kilabuni, mimi ambaye sijawahi kuingia kilabuni. Tulibaki na benchi zima, mimi na mke wangu, na watu walisimama ukutani ilhali nafasi ipo.

"Baba Anande," mke wangu akaninong'oneza, "miaka thelathini na minane nimekuomba ucheke kidogo mbele za watu. Ndiyo umechagua leo?"

Dada aliyenifanyisha mazoezi nilipomweleza alisema maneno mengi ya kitaalamu, nami nililolishika ni hili: kicheko na kilio vina mlango, mlango una bawabu, na bawabu wangu amepigwa pamoja na mkono. "Vitapungua, mzee. Usivipigie kelele. Ukivipigia kelele vinazidi." Tangu siku hiyo Mama Anande aliniketisha nikiipa televisheni mgongo.

Sasa nataka niseme jambo ambalo sikumwambia yule dada, kwa sababu nilikuwa bado nalichunguza. Mara za kwanza, uso ulipolia, moyo ulikuwa kimya. Niliusikiliza nikakuta hamna kitu, mle ndani ni kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikajifariji kwamba mimi mwenyewe nipo salama nyuma, huyu anayelia ni uso tu. Lakini niligundua pia kwamba uso ukilia kwa muda, huzuni inakuja. Haina sababu, haina jina la mtu, ila inakuja na kuketi, kama mwanakwaya aliyechelewa anayeingia kwa mlango wa nyuma na kuanza kuimba kana kwamba alikuwapo tangu ubeti wa kwanza. Na uso ukicheka, baada ya muda nafurahi. Nikaanza kusumbuka. Tangu ujana nimefundisha kwamba moyo ndio huanza na mwili hufuata. Na hapa mwili wangu ulikuwa unaanza, na moyo unaitikia.

Mwezi wa nane uso ulitulia wiki mbili mfululizo, tukarudi nyumbani mlimani. Siku ya nne baada ya kurudi, kaka yangu Elifasi alianguka ndani ya migomba yake akafa.

Lazima niseme alivyokuwa kaka. Alikuwa mchapakazi, mkweli, mwenye sauti. Mwewe akizungukia vifaranga, kaka alipanda juu ya kichuguu akamfokea kwa maneno ya kumhoji, "Wewe umetumwa na nani?" na mwewe aliondoka kweli. Watoto wa shule walipita mbali na kihamba chake, yaani shamba lake la urithi. Na mimi na yeye tulikuwa hatusemezani kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu ya mpaka. Huku kwetu mpaka wa kihamba hupandwa masale, ile mimea ya majani marefu isiyokufa. Baba alipanda masale kati yetu. Kaka alisema mimi nimeyasogeza hatua mbili, nami nilisema yeye ndiye aliyeyasogeza. Masale yenyewe yaliendelea kuota.

Kwa hiyo ndugu waliponijia kwamba nisome historia ya marehemu, kama nilivyosoma za marehemu wote wa ukoo kwa miaka mingi, nilikubali upesi, nikiona Mungu amenipa nafasi ya kumheshimu kaka mbele za watu baada ya kumnyima heshima hiyo alipokuwa hai.

"Mwache mwinjilisti asome," akasema Mama Anande.

"Nimesoma za watu baki, nishindwe ya ndugu yangu wa tumbo moja?"

"Hicho ni kiburi, Baba Anande."

"Ni wajibu."

Akanitazama kama anavyomtazama mbuzi anayelisogelea shamba la maharage.

Historia ilikuwa imeandikwa na kamati ya mazishi. Nilisoma vizuri alipozaliwa, alipobatizwa, alipopata kipaimara, alipofunga ndoa na shemeji yangu Mama Zefania. Ulimi ulikuwa mzito lakini mwendo haukupotea. Kisha nikafika mahali palipoandikwa hivi: marehemu alikuwa mtu mpole, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Uso ukaondoka. Niliuhisi unaondoka kama ng'ombe aliyekata kamba. Kilitoka kicheko kikubwa, cha tumbo, kikagonga jeneza, kikaenda kwenye migomba, kikarudi. Nilipeleka mkono mzima nizibe mdomo, nikasahau kwamba ndio ulioshika karatasi. Karatasi ikapepea ikashuka kaburini, ikatua juu ya jeneza imefunguka. Hakuna aliyethubutu kuifuata. Kaka yangu amezikwa na historia yake, na sehemu iliyobaki, ya wajukuu na ya ugonjwa wake wa mwisho, hakuna aliyeisikia. Mimi nilikuwa bado nacheka. Ng'ambo ya kaburi shemeji yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, ananitazama kwa macho ambayo nilitembea nayo miezi mitatu.

Jioni yake alimtuma mzee wa ukoo kwangu na maneno haya: "Mwambieni Mwalimu asikanyage tena kihamba hiki. Amesubiri miaka kumi na miwili acheke. Amecheka. Inatosha."

Huenda msomaji ukaona kwamba hilo ni jambo la ndugu, litapoa. Kwangu mimi halikuwa hivyo. Nimefundishwa tangu utoto kwamba huendi kwenye Meza ya Bwana ilhali kuna mtu mnayedaiana amani. Na yule dada wa mazoezi, kwa kuwa nilimtaka aseme kweli, alishaniambia kwamba kiharusi kinaweza kurudi, na hakipigi hodi. Kwa hiyo Jumapili ya ushirika mtakatifu ilipofika, watu wakatoka viti kwa viti kwenda madhabahuni, mimi nilibaki nimeketi. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nahesabu kama nitawahi.

Mchungaji wetu alikuwa kijana, ametoka chuoni karibuni, mtu mwema. Alikuja kwangu akiwa ametumwa na baraza la wazee. Mama Anande akampa chai na kiti kizuri.

"Mwalimu," akasema, "nisaidie niwajibu wazee. Siku ile, ni moyo wako uliocheka au ni uso?"

"Mchungaji, ningekuwa najua ningekuwa nimelala."

"Mimi naliona hivi. Mwili ni gari, roho ni dereva. Gari likikatika breki likaparamia banda la mtu, dereva hana dhambi."

Nilijua ananifungulia mlango nipite, nami nilitamani kupita. Lakini nikasema, "Mchungaji, gari likiharibika dereva hushuka akapanda basi. Mimi nikishuka nakwenda wapi? Tena gari lako likipiga honi, wewe unahuzunika? Mimi hili langu likilia, baada ya muda nakuta nami nina huzuni. Ni dereva wa namna gani huyo?"

Akanywa chai. Nikamwomba Mama Anande aniletee daftari zangu mbili za kwaya. Moja nimeandika watu kwa sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nyingine nimeandika watu walewale kwa nyumba zao, kufuata njia, kwa ajili ya zamu za kufagia kanisa na kutembelea wagonjwa.

"Tazama," nikamwambia. "Ukisoma hii ni kwaya. Ukisoma hii ni kijiji. Huyu wa sauti ya pili ndiye huyu wa jirani na mfereji. Je, kwaya imejificha ndani ya kijiji, inakiendesha kama dereva?"

"Hapana. Ni walewale."

"Na wakienda nyumbani, kwaya imekwenda wapi?"

"Haijaenda. Haijapangwa tu."

"Basi mimi nafikiri Mungu alipofinyanga udongo na kuupulizia hakutengeneza vitu viwili akavifunga kamba. Alitengeneza kimoja. Daktari anakisoma kwa daftari hii anaona mishipa na misuli. Wewe unakisoma kwa daftari hii unaona majuto na furaha. Mnazozana bure, mnasoma majina yaleyale."

"Na hicho kimoja chenyewe ni nini? Ni mwili au ni roho?"

"Sina jina lake. Kwenye daftari zote mbili kimeandikwa Anaeli, mwalimu wa kwaya."

Mchungaji akacheka, halafu akakuna kichwa. "Mwalimu, nikilipeleka hilo barazani wataniuliza nimepitia wapi kabla ya kikao."

"Basi wapelekee gari."

Akawapelekea gari, nao wakaridhika siku hiyohiyo, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wamewahi kuwa madereva. Lakini gari lilipofikishwa kwa shemeji yangu, Mama Zefania aliuliza swali moja tu, ambalo Mchungaji aliniletea akiwa hana raha: "Gari la Mwalimu lilisoma ukurasa mzima limetulia. Lilijuaje mahali pa kupigia honi?"

Kwa kweli lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na waliosoma.

Vuli ilipoanza, mguu ulikuwa umepata nguvu ya kupanda mteremko. Kwetu mwenye kosa huenda kwa aliyemkosea akiwa na jani la isale, ile mimea ya masale, mkononi. Ukishalipokea, umesamehe, na kukataa kulipokea likiwa mbele ya uso wako ni jambo zito sana. Shemeji alilijua hilo kama mimi ninavyolijua, kwa hiyo alihakikisha jani halifiki mbele ya uso wake. Mara ya kwanza aliniona kwa mbali, akaingia ndani akatia komeo, nikakaa mlangoni nikisikia anakohoa. Mara ya pili alitokea mlango wa uani akakata migombani, nami nikamfuata na mguu wangu mmoja na nusu, naita, "Shemeji, subiri," naye anajibu bila kugeuka, "Nawahi," na tukauzunguka mgomba mmoja mara mbili mbele ya wajukuu zake. Jani likanyauka.

Mara ya tatu nilitumia akili. Nilikwenda saa kumi na moja jioni, wakati wa kukamua. Mtu mwenye ng'ombe katikati ya kukamuliwa hakimbii. Njiani niliona kwamba jani nililotoka nalo limelegea kwa mvua, nikakata jingine bichi palepale nilipokuwa nimesimama, nikaingia zizini.

"Hodi, shemeji."

"Nakamua."

"Naona. Ndiyo maana nimekuja sasa."

"Nani amekwambia saa zangu?"

"Ng'ombe wako. Analia mlima mzima unasikia."

Nikanyoosha jani. Alikuwa amechuchumaa, mikono yote miwili kwenye chuchu, uso wake karibu na ubavu wa ng'ombe.

"Sina mkono," akasema.

"Nitasubiri."

Nikasimama. Maziwa yakaendelea kugonga ndoo. Na hapo, bila kuambiwa, uso wangu ukaanza kulia. Ulilia kwa unyenyekevu wote, machozi mazito yanateremka mpaka kwenye manyoya ya lile koti. Shemeji akainua macho akaniona. Mikono yake ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Basi, shemeji," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Mtu mzima halii hivyo. Lete."

Akanyoosha mkono uliolowa maziwa. Miezi mitatu nilikuwa nimeuombea mkono ule. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini nilijitazama ndani, kama nilivyozoea siku hizo, nikakuta moyo wangu haulii. Moyo wangu ulikuwa unawaza kiatu, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwenye samadi na sikuwa na hakika kama utatoka pamoja na kiatu.

"Shemeji, usilipokee kwanza," nikasema. "Machozi haya si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya ugonjwa. Mimi nilikuwa nafikiria kiatu."

Akaurudisha mkono. Akakamua mara tatu, nne, kwa nguvu, ng'ombe akageuka kumtazama.

"Kwa hiyo hata machozi umekuja na ya kuazima."

"Ndiyo."

"Na kile kicheko?"

"Nacho vilevile."

"Vilevile kabisa, Mwalimu? Hapa ni mimi na wewe na ng'ombe."

Nikaona kwamba nikisema ndiyo nimepona, na nitakuwa nimedanganya. "Kilianza usoni, shemeji. Naapa kilianza usoni. Lakini kilipokuwa kinaendelea nilikuta kipo na moyoni. Pale niliposoma kwamba alikuwa mpole, nilimwona kaka juu ya kichuguu, anamhoji mwewe. Sikuweza kumwondoa."

Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri, sasa nimeua kabisa, nimemliza mjane. Nilikuwa natafuta neno la kumpoza niliposikia sauti yake.

"Siku ile ya mwewe," akasema, na alikuwa anacheka, anashindwa kupumua, "alimaliza kumhoji mwewe akanigeukia mimi. Akaniuliza, 'Na wewe unamjua huyu?'"

Mikono yake ikaanguka kwenye magoti. "Aliyeandika mpole ni nani?"

"Kamati."

"Kamati haikulala nyumba moja naye." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Miaka arobaini na moja, shemeji. Nilimpenda yule mtu na masikio yangu mpaka leo yanavuma. Uliposoma lile neno niliuma kanga mpaka ikatoboka. Mjane akicheka kaburini kwa mumewe anafanywaje? Wewe una ugonjwa. Una cheti. Mimi nina nini? Nikakuona umesimama pale unacheka kicheko changu, unakimaliza chote, mimi nimeuma nguo. Ndiyo maana sikutaka kukuona."

Akanyoosha mkono tena, safari hii bila kuangalia machozi yangu, ambayo kwa wakati ule yalikuwa yameshakauka. Akalichukua jani. Akaligeuza.

"Hili umelikata wapi? Bado linatoa maji."

"Hapo njiani."

"Njiani wapi?"

"Mpakani."

"Kwenye masale ya mpakani." Akaliinua tulione wote. "Kwa hiyo umeniletea jani langu unaniomba nalo msamaha."

"Kwa maneno ya kaka, ni lako. Kwa maneno ya baba, ni..."

"Shemeji."

"Ni lako," nikasema.

Akalichomeka kwenye kilemba chake akaendelea kukamua. Ndipo alipolia, kilio cha kweli, akiwa anakamua, nami nililia naye, na safari hiyo sikujitazama ndani kuona nani ameanza.

Wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, nakuomba usimuulize, "Unacheka nini?" Hajui. Mwache kipite, umpe kitambaa, uendelee na mazungumzo kama mtu aliyepiga chafya. Wala usimwambie kwamba si yeye. Hilo nalo linaumiza, kuambiwa hupo ndani ya uso wako. Mketishe akiipa televisheni mgongo. Historia za marehemu, asome mwingine. Na wewe mgonjwa, fanya mazoezi hata siku ambazo mkono hauitiki, na uusalimie.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nilitoka kwenye kiti changu pamoja na wengine. Mama Anande alinishika kiwiko mpaka kwenye ngazi. Nilipiga magoti kwa shida, na shemeji yangu akaja akapiga magoti upande wangu wa kushoto, ule usiohisi, nikamjua kwa kuona kanga yake. Nilipokea mkate vizuri. Mchungaji alipofika na kikombe, nikainua uso, na uso ukaanza kucheka. Kanisa zima likanyamaza, maana wote walijua habari zangu, na kwaya ikaacha kuimba katikati ya neno. Mchungaji akasimama na kikombe mkononi, hajui kama atangulie au asubiri.

"Mpe tu, Mchungaji," shemeji akamwambia kwa sauti ya chini. "Amefurahi."

Mchungaji akaniinamia. "Ni kweli, Mwalimu?"

Nikajitazama ndani upesi, nikamjibu kwamba ni kweli.